Kura ni Ushahidi: Somo Kutoka Mwambao wa Burundi



Ndugu msomaji, kuna swali ambalo limekuwa likirudi katika darsa zetu za baada ya Isha: je, Mwislamu ana jukumu gani katika uchaguzi ambao karibu kila mtu anamjua mshindi kabla ya siku ya kura? Wapo wanaosema akapige kura kwa sababu ni wajibu wa raia. Wapo wanaosema akae nyumbani kwa sababu ni mchezo. Na wapo wanaosema aende kupigia kura wanaotawala ili aishi kwa amani. Kila kundi lina aya yake na hadithi yake.

Mimi ni mwenyeji wa Nyanza-Lac, mji ulio kusini kabisa mwa mwambao wa Burundi, karibu na mpaka wa Kigoma. Katika makala hii nitachukua nchi yangu kama mfano, kwa sababu ndiyo ninayoijua, na kwa sababu uchaguzi wa rais unatarajiwa mwaka 2027. Wengi wa rika langu watampigia kura rais kwa mara ya kwanza. Lakini msomaji kutoka Tanzania, Uganda, Kongo au Rwanda naye atapima mwenyewe ni wapi somo hili linagusa kwao.

1. Mizani ipo, lakini imechezewa

Tuanze na maana. Tumezoea kugawa tawala mbili: demokrasia na udikteta. Lakini wataalamu wa siasa wameona kwamba nchi nyingi hazimo katika kundi lolote kati ya haya. Marina Ottaway aliandika kitabu mwaka 2003 kuhusu tawala alizoziita za nusu-mabavu. Mwaka mmoja kabla yake, Steven Levitsky na Lucan Way waliandika makala iliyopata umaarufu, wakaiita hali hii utawala wa mabavu wenye ushindani. Mwaka 2010 walitoa kitabu kinachochunguza nchi 35, zikiwemo Kenya, Tanzania, Malawi, Zambia na Msumbiji.

Mtu wa sokoni ataielewa maana yake upesi. Kwetu, mwanamke anaponunua ndagala wakavu, kuna wauzaji wa aina tatu. Wa kwanza ana mizani sawa. Wa pili hana mizani kabisa. Anakufungia anachotaka na anataja bei anayotaka. Wa tatu ana mizani, na anapima mbele yako, na sindano inasogea kweli. Ila mizani yake imechezewa. Ukiongeza ndagala, sindano inapanda. Ukipunguza, inashuka. Huwezi kusema haifanyi kazi. Lakini kila mara unarudi nyumbani na pungufu.

Utawala wa nusu-mabavu ni huyu muuzaji wa tatu. Vyama vingi vipo. Tume ya uchaguzi ipo. Kura zinapigwa na kuhesabiwa. Wapinzani wanaweza kupata viti, na mara moja moja wanaweza hata kushinda. Lakini uwanja umeandaliwa ili mwenye madaraka asianguke. Na ndiyo maana Surat Al-Mutaffifin haikushuka kuwaonya wasio na mizani. Ilishuka kuwaonya wenye mizani wanaopunja. Kuwa na chombo cha haki mkononi na kukipotosha ni dhambi yenye sura yake.

2. Viwanja vinne vya kuangalia

Levitsky na Way wanatufundisha tusiangalie siku ya kura peke yake. Wanataja viwanja vinne ambamo ushindani hutokea na ambamo hubanwa: uchaguzi wenyewe, bunge, mahakama na vyombo vya habari. Tuvipime kwa mfano wa Burundi.

Uwanja wa kwanza ni uchaguzi. Mwaka 2005, baada ya miaka ya vita, chama cha CNDD-FDD kilishinda, na Pierre Nkurunziza akachaguliwa rais na bunge mwezi Agosti. Mwaka 2010, uchaguzi wa komine ulifanyika tarehe 24 Mei, na chama tawala kikapata takriban asilimia 64. Vyama vikubwa vya upinzani vikalalamika wizi na kususia chaguzi zilizofuata. Matokeo yake, Nkurunziza alikuwa mgombea pekee wa urais mwezi Juni, akapata zaidi ya asilimia 91. Mwaka 2015 alipata asilimia 69 katika muhula wa tatu uliozusha mgogoro mkubwa. Mwaka 2020 Évariste Ndayishimiye alitangazwa mshindi kwa asilimia 68 na ushei, na Agathon Rwasa wa CNL akapewa asilimia 24. Katika uchaguzi huo mitandao ya kijamii ilizimwa siku ya kura. Maaskofu wa Kanisa Katoliki, waliokuwa wamepeleka waangalizi zaidi ya 2,700, walisema baadhi ya wawakilishi wa vyama walifukuzwa vituoni, na kura zilipigwa kwa majina ya marehemu na wakimbizi.

Kisha ukaja uchaguzi wa wabunge na madiwani wa tarehe 5 Juni 2025, siku ile ile mahujaji walipokuwa wamesimama Arafa. Tume ilitangaza kwamba CNDD-FDD imepata asilimia 96 na zaidi ya kura, na viti vyote 100 vilivyopigiwa kura katika bunge la taifa. Rwasa alikuwa ameshaondolewa kwenye uongozi wa CNL mwezi Machi 2024, na hakuwemo katika kinyang'anyiro. Tazama safari hii, ndugu yangu: kutoka 64, hadi 69, hadi 96. Hapo msomaji anaweza kujiuliza kama neno "ushindani" bado linafaa.

Uwanja wa pili ni bunge. Katika tawala hizi bunge huwa mahali ambapo wapinzani wachache hupata sauti. Mwaka 2020 CNL kiliingiza wabunge zaidi ya 25. Leo hakuna hata mmoja aliyechaguliwa kwa tiketi ya upinzani. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, ulioanza kusimamiwa na Mwalimu Nyerere na kumaliziwa na Nelson Mandela, uliweka mgao wa viti ili Wahutu, Watutsi, Watwa na wanawake wote wawemo. Mgao huo ni jambo la heri, na umesaidia kutuliza chuki ya kikabila. Lakini mgao wa kabila hauleti tofauti ya mawazo. Bunge linaweza kuwa na makabila yote na bado likawa na rai moja.

Uwanja wa tatu ni mahakama. Mfano wa kwanza unamhusu Mwislamu. Hussein Radjabu alikuwa mwenyekiti wa CNDD-FDD na mmoja wa watu wenye nguvu sana nchini. Aliondolewa mwezi Februari 2007, akakamatwa mwaka huo huo, na mwaka 2008 akahukumiwa kifungo cha miaka 13. Mwaka huo wa 2008 wabunge 22 waliokuwa wakimuunga mkono walipoteza viti vyao kwa uamuzi wa Mahakama ya Katiba. Sisemi kwamba Radjabu alikuwa mwema au mbaya. Hilo lina Mjuzi wake. Nasema kwamba aliyesaidia kujenga mizani ile alipimwa kwa mizani ile ile.

Mfano wa pili ni wa Mei 2015. Mahakama hiyo iliamua kwamba Nkurunziza anaweza kugombea tena, kwa hoja kuwa mwaka 2005 hakuchaguliwa moja kwa moja na wananchi. Makamu wa rais wa mahakama, Sylvère Nimpagaritse, alikimbilia Rwanda akisema majaji walishinikizwa. Mwaka 2021 Kitengo cha Rufaa cha Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, kule Arusha, kiliona kwamba uamuzi ule ulikwenda kinyume na Mkataba wa Arusha na mkataba wa jumuiya. Lakini kufikia hapo miaka sita ilikuwa imepita, muhula ulikuwa umekwisha, na Nkurunziza mwenyewe alikuwa amefariki tarehe 8 Juni 2020.

Uwanja wa nne ni habari. Katika jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei 2015 na siku iliyofuata, redio binafsi kubwa za Bujumbura zilishambuliwa na kunyamazishwa. Mwaka 2018 BBC na Sauti ya Amerika zilisimamishwa, na mwaka 2019 zikafungiwa bila kikomo. Oktoba 2019 waandishi wanne wa gazeti la Iwacu walikamatwa wakiwa njiani kufuatilia habari za mapigano, wakahukumiwa, na wakasamehewa na rais Desemba 2020.

Ukiviona viwanja hivi vinne kwa pamoja, utaelewa kwa nini mshindi hujulikana mapema. Si lazima kila sanduku liibiwe. Kazi kubwa imeshafanyika kabla jua la siku ya kura halijachomoza.

3. Gharama tunayoijua mwambaoni

Kuna anayeweza kusema: "Hizo ni hesabu za wasomi, sisi tunataka amani." Maneno hayo yana uzito kwetu, na ni lazima tuyape haki yake.

Mwambao wa Rumonge na Nyanza-Lac unajua bei ya siasa. Uasi wa tarehe 29 Aprili 1972 uliwaka hasa katika eneo hili, na watu wengi wakauawa. Kisha serikali ya Michel Micombero ikalipiza nchi nzima kwa mauaji ambayo idadi yake inakadiriwa kuwa zaidi ya laki moja. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Tanzania, na mashamba yao, yenye michikichi na ardhi nzuri ya ziwani, yakachukuliwa na wengine. Walipoanza kurudi baada ya Mkataba wa Arusha, walikuta watu wengine wamezaa na kuzika katika mashamba hayo. Kesi za ardhi za Rumonge na Nyanza-Lac hazijaisha hadi leo.

Tarehe 1 Juni 1993 Melchior Ndadaye wa FRODEBU alimshinda rais aliyekuwa madarakani, Pierre Buyoya, kwa karibu asilimia 65 dhidi ya 32. Buyoya alikubali kushindwa. Ulikuwa ushindi wa kweli, na uliwashangaza hata walioandaa uchaguzi. Lakini tarehe 21 Oktoba mwaka huo wanajeshi walimuua Ndadaye. Vita iliyofuata inakadiriwa kuua watu laki tatu.

Na mwezi Mei 2015, mgogoro wa muhula wa tatu ulipopamba moto, makumi ya maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilicho ufukweni, upande wa pili wa mpaka kutoka kwetu. Kipindupindu kikawaingia. Meli kongwe ya MV Liemba ndiyo iliyowabeba kwa mafungu hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Kwa hiyo mzee wa Nyanza-Lac anapokwambia "mwanangu, piga unavyoambiwa urudi nyumbani", usimdharau. Anakumbuka mengi.

Lakini nimejifunza jambo jingine katika historia hiyo hiyo. Kila mara damu ilipomwagika, ilitanguliwa na kipindi ambacho watu hawakuweza kusema ukweli kwa njia ya amani, au waliusema na mwenye silaha akaukataa. Hofu haikuleta amani. Iliahirisha tu.

4. Fiqhi inasema nini?

Sasa tuje kwenye somo letu. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, alieleza kwamba kura ina sura tatu: ni ushahidi kwamba mtu huyu anafaa, ni uombezi wa kumpa nafasi, na ni uwakala wa kumkabidhi jambo la umma. Nitashika sura ya kwanza, kwa sababu ndiyo nzito zaidi. Ukimpigia mtu kura, unashuhudia mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba unamwona anafaa kubeba amana.

Qur'ani imezungumza sana juu ya ushahidi. Surat Al-Baqara, aya ya 283, inakataza kuuficha. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inaamrisha kusimamia haki hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Aya ya 58 ya sura hiyo inaamrisha amana zifikishwe kwa wanaostahili. Na katika hadithi iliyo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W) alipotaja madhambi makubwa kabisa alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa sawa, akalirudia jambo hilo mara nyingi mpaka Maswahaba wakatamani anyamaze kwa kumhurumia.

Pili ni suala la ridhaa. Sayyidna Umar (R.A) alipojeruhiwa, aliwaachia watu sita wateue kiongozi miongoni mwao. Wapokezi wa tarehe wanaeleza jinsi Abdurrahman bin Auf alivyozunguka Madina siku tatu akiuliza watu rai zao. Al-Mawardi, katika kitabu chake cha hukumu za utawala, anaufanya uongozi kuwa ni mkataba. Na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fiqhi anajua kwamba mkataba unahitaji ridhaa.

Hapo ndipo kisa cha Imam Malik (R.H) kinapoingia. Alifundisha Madina kwamba talaka ya aliyelazimishwa haihesabiki. Watu wa utawala wakaona maana iliyo nyuma ya fatwa hiyo: ikiwa talaka ya kulazimishwa haipiti, basi na kiapo cha utii cha kulazimishwa je? Ilikuwa zama za khalifa Al-Mansur na uasi wa mwaka 145 Hijria. Imam Malik alipigwa mijeledi na mkono wake ukaumizwa. Tuwe waadilifu: Hanafi wao wanaona talaka ya aliyelazimishwa inapita, kwa hiyo suala lina khilafu. Lakini liwali wa Madina hakupiga mijeledi kwa ajili ya khilafu ya talaka. Alielewa kwamba ridhaa ya watu ndiyo kitu asichoweza kukitengeneza kwa nguvu.

Wapo pia wanazuoni, wengi wao wa madhehebu yetu ya Shafi, kama Ibn Jama'a wa Misri, waliosema kwamba mtu akitwaa utawala kwa nguvu na mambo yakatulia, atiiwe ili kuepusha fitna. Hoja hii hutumiwa sana misikitini kwetu. Ninaikubali kwa kiasi chake. Lakini isome vizuri. Wanazuoni hao walituruhusu kuvumilia. Hawakutuambia tushuhudie kwamba mtu huyo amechaguliwa na watu wakati tunajua hakuchaguliwa. Kuvumilia ni jambo moja, na kushuhudia ni jambo jingine. Amani inaweza kututaka tuvumilie, lakini haiwezi kututaka tuseme uongo mbele ya Mwenyezi Mungu.

Vipi basi yule aliyetishwa kweli, mjane wa kilimani aliyeambiwa nyumba yake itaonekana? Surat An-Nahl, aya ya 106, inampa udhuru aliyelazimishwa hata katika jambo kubwa la neno la ukafiri, maadamu moyo wake umetulia katika imani. Mjane huyo ana udhuru. Asiye na udhuru ni aliyemlazimisha.

5. Hoja tatu tunazozisikia

"Mshindi anajulikana, kwa nini nichoke?" Jibu la kwanza ni kwamba aliyejulikana amewahi kushindwa. Alishindwa Burundi mwaka 1993. Alishindwa Gambia, nchi ya Waislamu, tarehe 1 Desemba 2016, Yahya Jammeh alipoangushwa na Adama Barrow baada ya miaka 22. Jibu la pili ni kwamba shahidi haendi mahakamani kwa sababu ana uhakika wa hukumu. Anakwenda kwa sababu ameona. Na susio la 2010 litufundishe: upinzani ulipoondoka, CNDD-FDD ilichukua viti 81 kati ya 106, na hakubaki mtu wa kutosha wa kuhoji lolote bungeni.

"Sisi Waislamu ni wachache, tusijitie." Ni kweli tu wachache Burundi. Lakini wafanyabiashara Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono Mwanamfalme Louis Rwagasore na vyama vyake vya ushirika kabla ya uhuru, na UPRONA yake ilishinda viti 58 kati ya 64 mwezi Septemba 1961. Na wakati wa vita, mitaa mingi ya Bujumbura ilipogawanyika kwa kabila, Buyenzi ilibaki mtaa wa mchanganyiko. Wachache wakiaminika kwa ukweli, neno lao huwa na uzito kuliko idadi yao.

"Wao wanagawa chumvi na fulana, tule tu, kura ni siri." Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi inamlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Ndugu yangu, ukiuza ushahidi kwa kilo ya chumvi, umeuza na haki ya kulalamika.

6. Kazi ya mwanafunzi kuanzia sasa

Ikiwa uchaguzi wa aina hii huamuliwa kabla ya siku yake, basi na ushahidi wetu uanze kabla ya siku hiyo. Napendekeza mambo matano.

Kwanza, usiwe mkono wa kulazimisha. Desemba 2017 serikali ya Burundi iliagiza michango ya kugharamia uchaguzi wa 2020: faranga 2,000 kwa kila kaya, na 1,000 kwa mwanafunzi aliyefikia umri wa kupiga kura. Katika sehemu nyingi, vijana wa chama, Imbonerakure, waliwazuia watu njiani na sokoni wakitaka kuona risiti, hadi ukusanyaji uliposimamishwa mwaka 2019. Wanafunzi na vijana ndio wanaotafutwa kwa kazi kama hizi, kwa ahadi ya ajira au cheo. Ukimzuia mama mwenye kapu la mihogo asiingie sokoni mpaka aonyeshe risiti, hujafanya siasa. Umefanya ikrahi, na utaulizwa.

Pili, linda siri ya kura. Chumba cha kura ndipo mahali pekee ambapo mjane na waziri wako sawa. Usiulize mtu amempigia nani. Usikubali kupiga picha karatasi yako kwa ajili ya mtu. Waeleze wazee wa kwenu kwamba hawawajibiki kumwambia yeyote.

Tatu, jitolee kukaa wakati wa kuhesabu, kama mwakilishi wa chama au mwangalizi, pale sheria inapokuruhusu. Sisi tunaojua kusoma na kuandika tuna deni hilo. Tarehe 3 Februari 2020 Mahakama ya Katiba ya Malawi ilifuta uchaguzi wa rais wa 2019, na sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa karatasi za matokeo zilizofutwafutwa kwa wino mweupe. Uchaguzi uliporudiwa mwezi Juni, Lazarus Chakwera wa upinzani alishinda. Nchi ile iliokolewa na karatasi za vituoni na watu walioziangalia.

Nne, usiseme zaidi ya ulichokiona. Huu ndio upande tunaousahau. Anayesema "wameiba" bila kuona naye ni shahidi wa uongo, sawa na anayesema "ilikuwa safi" bila kuona. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inaamrisha habari ichunguzwe kwanza. Katika nchi ambayo uvumi umewahi kuua, kusambaza sauti ya WhatsApp isiyojulikana imetoka wapi si jambo dogo. Andika kituo, saa, na ulichokiona kwa macho yako. Basi.

Tano, usikimbilie silaha wala usimshangilie anayezikimbilia. Mwambao wetu umeshazika vya kutosha.

Hitimisho

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la darsa ni hili: nenda kapige kura, kwa dhamiri yako, kwa siri, kwa unayeamini anafaa, hata kama unajua atakayetangazwa. Na kama umelazimishwa, una udhuru, lakini usimlazimishe mwingine. Matokeo yatatangazwa na tume. Ushahidi wako utasomwa mahali pengine, siku ambayo mizani haichezewi. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa haki, na aipe amani Burundi na nchi zote za ukanda wetu. Amin.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Katika nchi yako, ni kiwanja kipi kati ya vinne kilichobanwa zaidi: uchaguzi, bunge, mahakama au habari? Toa mfano wenye mwaka.

2. Eleza tofauti kati ya kuvumilia utawala na kushuhudia kwa ajili yake. Je, kuna hali ambapo viwili hivi havitenganishiki?

3. Wanafunzi wa fiqhi: linganisheni kauli ya Malik na ya Hanafi juu ya vitendo vya aliyelazimishwa. Ipi inafaa zaidi kupimia kura, na kwa dalili gani?

4. Mwanafunzi anaahidiwa ajira akijiunga na kundi la vijana wa chama. Masharti gani yanaifanya ahadi hiyo kuwa rushwa?